Maji ya bomba hapa Tanga yakibadilika rangi wakati wa masika: je, yanafaa kunywewa, na bili tuigawane vipi?

Mkazi wa Makorora

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Naishi na familia yangu katika nyumba ya kupanga ambayo wapangaji wote tunatumia mita moja. Tangu masika yalipokolea, maji tunayokinga alfajiri yana rangi ya chai iliyozimuliwa, na yakikaa kwenye ndoo nyeupe hadi adhuhuri huacha udongo laini kama unga chini yake. Siku nyingine hutoka meupe kabisa, lakini yananuka dawa. Mke wangu anakaribia kujifungua, kwa hiyo naomba kufahamishwa: je, kuchemsha kunatosha, au ni heri tuchote kisima cha jirani ambacho maji yake ni maangavu mwaka mzima? Pili, mwenye nyumba anagawa bili kwa idadi ya vyumba, na mwezi uliopita ilipanda sana ilhali hakuna mpangaji aliyeongezeka.

Mtaalamu wa maabara, Chumbageni

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Maji ya jiji letu hutoka Mto Zigi, unaoanzia milima ya Usambara Mashariki upande wa Amani, na hukusanywa katika bwawa la Mabayani kabla ya kusafishwa. Mvua kubwa ikinyesha milimani, mto hubeba udongo mwingi, na mtambo hulazimika kuongeza shabu, ambayo hugandisha chembe za udongo ili zizame, kisha maji huchujwa na kutiwa klorini. Harufu ya dawa unayoisikia isikutishe. Shirika la Afya Duniani linashauri klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale maji yanapomfikia mtumiaji, kwa sababu hiyo ndiyo inayoyalinda yakiwa njiani. Mimi binafsi huyahofia zaidi maji yenye tope yasiyo na harufu yoyote, kwani tope humaliza nguvu ya klorini na kuvikinga vijidudu.

Kwa hiyo yaache yatuame, mimina yale ya juu kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha yachemshe hadi yatokote barabara. Ukitumia dawa ya kutibu maji badala ya kuni au gesi, ni lazima uyachuje kwanza, ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na usubiri nusu saa. Baada ya hapo yahifadhi katika ndoo yenye mfuniko na koki, kwa maana maji mengi yaliyochemshwa vizuri huharibiwa na kikombe kinachozamishwa pamoja na vidole.

Fundi bomba, Duga

Nijibu la bili. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Fanya hesabu hiyo kabla hujakimbilia maji ya kuuziwa, kwani ndoo ikiuzwa shilingi 100 tu, tayari umelipa shilingi 5,000 kwa uniti. Kuhusu bili kupanda, usiku wapangaji wote wakishalala fungeni koki zote, andikeni tarakimu za mita, na msizifungue mpaka msome tena alfajiri. Zikiwa zimesogea, kuna uvujaji baada ya mita, na huo hulipwa na mteja. Mara nyingi nimekuta ni boya la tangi la choo lisilofunga sawasawa, ambapo maji huchirizika kimya ukutani mwa sinki la choo bila mtu kuyaona. Tia rangi kidogo kwenye tangi bila kuvuta; rangi ikionekana chini kwenye sinki, mpira wa kuzibia tangi umekwisha.

Kugawa kwa vyumba si haki hata kidogo, kwa sababu chumba cha mtu mmoja hakiwezi kulingana na chumba cha watu sita. Kubalianeni kwa idadi ya watu, na kila mpangaji aonyeshwe bili yenyewe. Ikiwa mita ndiyo mnayoitilia shaka, peleka malalamiko kwa maandishi kwa mtoa huduma na utunze nakala, kwani msipopata suluhu, EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hupokea malalamiko ya wateja.

Mzaliwa wa Amani

Naongezea jambo moja. Gharama ya kusafisha maji ya Tanga huanzia kwetu milimani. Kingo za mto zikilimwa, au mto ukichimbuliwa kutafuta dhahabu kama ilivyotokea Sakale, udongo huo huishia Mabayani na dawa ya kuuondoa hununuliwa kwa fedha za mteja. Ndiyo maana naona umoja wa wakulima wa UWAMAKIZI, unaohifadhi kingo za mito ya Kihuhwi na Zigi, unastahili kuungwa mkono na wanywaji wa mjini. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya jiji letu, ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ili kupanua miundombinu ya maji. Natamani ulinzi wa chanzo nao upate fungu la uhakika.

Mkazi wa Makorora

Nashukuru sana, na hesabu ya mita tutaifanya. Je, kisima?

Mtaalamu wa maabara, Chumbageni

Usikitumie kwa mtoto mchanga kabla hakijapimwa. Kisima kilicho karibu na vyoo vya shimo kinaweza kuwa na naitreti, kemikali ambayo haina rangi wala harufu, huwadhuru watoto wachanga, na kuchemsha hakuiondoi. Peleka sampuli maabara ya maji, na utaje waziwazi kwamba unataka vipimo vya naitreti na vya bakteria wa kinyesi.