Mameneja miradi kwenye HR, uhasibu na masoko: tupeane uzoefu

Mwangaluka wakuu. Zamani hapa Mwanza ukisikia meneja mradi unajua huyo ni wa saiti, kofia ngumu na buti. Siku hizi wanawekwa mpaka HR (rasilimali watu) na masoko. Mimi niko HR kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, naanza na ya kwangu.

Tulikuwa tunahamisha mishahara toka Excel kwenda programu mpya, miezi minne vikao tu, kila mtu anatoka anasema "tutalifanyia kazi". Kilichotukwamisha ni majina, mtu NIDA anasoma Masanja, NSSF Masanga, benki jina la kati halipo kabisa, HR tunasema hiyo kazi ya uhasibu, uhasibu wanasema ya kwetu, na wale wa zamu ya usiku mchana huwapati. Akaletwa dada mmoja kama meneja mradi, mambo ya kompyuta hayajui sana wala HR hajawahi kukaa. Kabandika manila ukutani, safu tatu: kazi, mhusika, tarehe. Ukiandika "HR" kwenye mhusika anafuta, anataka jina la mtu! Halafu saa 12 jioni akaweka meza getini, zamu ya usiku inapoingia kila mmoja anaonyesha kitambulisho na kusahihishiwa jina hapo hapo. Wiki mbili tukamaliza. Tangu siku hiyo naiheshimu sana hii fani.

Wa Nyegezi: Mkuu hongereni. Mimi uhasibu nilipewa hicho cheo, nisimamie bajeti mpya ianze Julai 1, ila sina mtu hata mmoja chini yangu. Nikimkumbusha mtu namba zake ananiambia "bosi wangu hajaniambia". Iliniuma, nilikesha najaza za watu. Cheo bila meno ni kumtesa mtu bure.

Dada wa Kirumba: Masoko tulimhitaji kuliko hata watu wa IT jamani. Tulikuwa na promosheni Sengerema, enzi za kivuko, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025. Fulana zimechelewa kwa mchapaji, gari likafika Kigongo likakuta foleni, tumevuka, kufika uwanjani watu wameshatawanyika. Hakuna aliyekuwa amejumlisha muda wa mchapaji na wa kivuko pamoja, kila mtu anajua kipande chake tu. Promosheni iliyofuata tukawa na meneja mradi, yeye alianza na siku ya tukio akarudi nyuma siku moja moja mpaka siku ya kumlipa mchapaji, fulana zikalala Sengerema siku mbili kabla.

Wa Igoma: Naomba kuuliza, cheti cha PMP, kile cha umeneja mradi, ni cha mainjinia tu?

Dada wa Kirumba: Hapana kaka. Kinatolewa na PMI, taasisi ya usimamizi wa miradi ya Marekani, kipo tangu 1984, ukiwa na digrii wanataka miezi 36 ya kuongoza miradi na masaa 35 ya mafunzo. Miradi ya masoko au HR inahesabika, cha msingi uwe umeiongoza kweli.

Mleta mada: Ndugu wa Nyegezi, pole sana. Yule dada wetu kabla hajabandika manila alienda kwanza kwa mkurugenzi, ikaandikwa barua ya ukurasa mmoja kwamba kwenye kazi hii anaruhusiwa kumpangia mtu wa idara yoyote, wakuu wa idara wote wakasaini. Nakala ninayo, kesho nafuta majina naiweka hapa.