Baba alisema mashairi yake ya ujanani yasichapishwe. Tuyapeleke kwenye hifadhi ya nyaraka?

BintiKarani
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu na nyaraka au ushairi.

Marehemu baba alikuwa karani wa reli Tabora, na mtunzi. Mashairi yake ya ukubwani yalitoka magazetini. Ameacha pia madaftari matatu ya ujana wake ambayo hakuyapeleka popote. Ni rasimu tupu: juu ya mistari kaweka nukta za penseli akihesabu mizani, kakata, kaandika upya pembeni. Kibwagizo kimoja kilianza hivi: "Nimengoja barazani, mgeni hajanijia." Akakikata, chini yake akaandika: "Nimengoja mlangoni, mgeni hajaingia."

Chuo kimoja kimetuomba madaftari hayo kikayahifadhi. Kaka mkubwa hataki, kwa sababu baba alimwambia mama kwamba hayo ya ujanani yasichapishwe. Mama yuko upande wa kaka. Mimi naona yakibaki kwenye sanduku chini ya kitanda mchwa watayamaliza, ila neno la marehemu nalo ni zito. Je, kuyapeleka hifadhini ni kulivunja?

Mtunza_Nyaraka
Poleni kwa msiba, dada. Nimefanya kazi ya nyaraka muda mrefu na swali lako si geni. Nitakupa kisa cha mtu mwingine kwanza, kwa sababu kinagusa hapohapo.

T. S. Eliot, mshairi Mmarekani aliyehamia Uingereza, alikuwa na daftari la mashairi ya ujana wake, aliyoyaanza 1909 akiwa mwanafunzi Harvard. Mwaka 1922 alimuuzia John Quinn, wakili wa New York aliyemsaidia sana, kwa dola 140. Katika barua alimsihi kwamba humo mna mashairi ambayo hayajawahi kuchapwa na hayastahili kuchapwa, ayaweke mwenyewe na ahakikishe hayachapwi kamwe. Baadhi ya kurasa, zile zenye beti za matusi, alizikata kabla ya kulikabidhi.

Quinn akafariki 1924. Karatasi zikapotelea kwenye maboksi ya familia kwa miaka mingi, mpaka mpwa wake akaziibua. Mwaka 1958 maktaba ya umma ya New York ikazinunua na kukaa kimya. Ilitangaza 1968. Eliot alikuwa amefariki Januari 1965 bila kujua ziko wapi. Hilo huwa linaniuma. Mtu akae zaidi ya miaka 40 hajui maandishi ya mkono wake yako kwa nani, na maktaba inayo!

Sasa angalia jambo hili kwa makini. Maktaba ilikuwa na karatasi, lakini haikuwa na ruhusa ya kuchapa. Haki ilibaki kwa mjane wake, Valerie. Kitabu kilitoka 1996, kikahaririwa na Christopher Ricks, kwa ridhaa ya mjane. Hata zile kurasa zilizokatwa zikaingia humo, maana Eliot alimpa mshairi mwenzake, Ezra Pound, na zikakutwa katika nyaraka za Pound zilizoko Chuo Kikuu cha Yale.

Binafsi naona beti za matusi zingeachwa zilipo. Alizikata kwa mkono wake mwenyewe, na hazituongezei kitu. Lakini ndani ya daftari hilohilo kuna rasimu ya lile shairi lake la Prufrock lililomtoa 1915, na katikati yake kuna mistari zaidi ya 30 ambayo hatimaye aliiondoa: mtu anazunguka vichochoroni usiku kucha hadi alfajiri. Ukiisoma mistari hiyo halafu ukarudi kwenye shairi tunalolijua, unaona alichokiacha nje kwa makusudi. Mwalimu wa ushairi atapata wapi somo kama hilo?

Kwa hiyo jibu langu: kuhifadhi ni jambo moja, kuchapisha ni jingine. Baba alikataza kuchapisha. Angetaka yasiwepo kabisa, moto wa kuyachomea alikuwa nao maisha yake yote. Kwa sheria yetu ya 1999 hakimiliki hudumu uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, nayo sasa iko kwenu warithi. Kukabidhi daftari hakuihamishi haki hiyo, isipokuwa mmesaini mkisema hivyo. Someni hati ya makabidhiano mstari kwa mstari, na mkikuta maneno kama "haki zote" myakatae. Andikeni: yasomwe ndani ya chumba cha wasomaji tu, yasipigwe picha, yasichapishwe bila idhini ya maandishi ya familia.

Na leo hii yatoeni chini ya kitanda. Ondoeni pini zenye kutu, na msibandike selotepu hata kama ukurasa umechanika.

Mvita_Kuze
Assalaam aleikum. Nakubaliana na ndugu hapo juu, ila naongeza la kwetu Mombasa. Muyaka bin Haji alifariki 1840. Mashairi yake mengi tunayo leo kwa kuwa Mwalimu Sikujua aliyakusanya kwa watu waliokuwa bado wanayakumbuka, akishirikiana na Mwingereza William Taylor. Bila wao tungekuwa na vipande vipande tu. Lakini karatasi zenyewe zikaishia London, na diwani ikachapwa Afrika Kusini 1940. Kwa miaka mingi mtu wa Mvita aliyetaka kuona maandishi ya malenga wake ilimbidi apande ndege.

Basi dada yangu, kabla hamjatoa chochote, familia ibaki na nakala kamili. Na chuo kiwe mahali ambapo wajukuu wanaweza kufika kwa basi.

Malenga_Mdogo
Mimi nimekwama kwenye kile kibwagizo. Mizani ni ileile, nane kwa nane, vina havijaguswa, lakini shairi limehama. Barazani mtu hukaa na yeyote, hata asiyemngoja mgeni. Mlangoni amekwisha kuinuka. Na "hajaingia" inamfanya mgeni awe karibu, labda yuko nje anasita. Huyo kijana alikuwa anajua anachofanya. Tafadhali msiyaache yaliwe na mchwa.

BintiKarani
Asanteni sana, nimemsomea kaka yote. Kuhusu kuhifadhi bila kuchapisha amelegea. Ila ameniambia jambo sikulijua: daftari la pili karibu lote ni mashairi kwa mwanamke mwingine, kabla baba hajamwoa mama. Mama analijua, na ndilo hasa linalomsumbua. Tulitoe hilo, tupeleke mawili?

Mtunza_Nyaraka
Msilitoe, na msimlazimishe mama. Daftari linaweza kukabidhiwa likiwa limefungwa: linatiwa kwenye bahasha yake, linapewa namba yake, na hati inasema lisifunguliwe na mtu yeyote wakati wa uhai wa mama, wala baada yake mpaka mwaka mtakaoutaja ninyi. Hifadhi makini hukubali sharti hilo bila ubishi. Wakibisha, tafuteni nyingine. Mama mwenyewe aulizwe anataka mwaka gani, na aweke saini yake yeye.