Naomba ushauri: makala ya selimundu, na familia isitambulike

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi. Nimeandika makala kuhusu ushauri wa vinasaba kwa mume na mke waliobeba kinasaba cha selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi). Wenyewe hawaugui, ila kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua. Nataka kuipeleka kwenye jarida la kitaaluma, Journal of Genetic Counseling.

Idhini ya maandishi ninayo. Majina, umri na mtaa nimeviondoa. Lakini wawili hawa ni mtu na binamu yake, na mji wetu watu wanajuana. Nikiuficha undugu huo makala haina maana tena, kwani ndio uliowatia hofu wakaja kuuliza.

Je, niwarudie wasome rasimu kabla sijaituma? Na nilivyoviondoa, nimweleze mhariri kwenye barua tu, au niviseme ndani ya makala?