MNACHUKUA MAJINA YA MIUNGU WA JAPANI, MASHARTI YAO MNAYAACHA! (Uzi wa malalamiko)

Wakuu, salaam. Uzi huu unawahusu waandishi wa riwaya za fantasia za vijana, hawa wanaojinadi kwamba wameandika kwa kufuata visasili vya Kijapani, pamoja na wahariri wanaowapitisha. Imezidi sasa, lazima isemwe.

Nianze na safari ya kuzimu, maana karibu kila riwaya inayo. Binti wa miaka 16 anashuka Yomi, kuzimu ya visasili vya Kijapani, kumtafuta kaka yake. Anakuta mito ya moto, mashetani yenye pembe yanachemsha watu kwenye masufuria, na Izanami, mungu mke aliyekufa, kaketi kwenye kiti cha enzi. Anaandaliwa chakula, anakula, anapigana, na alfajiri yuko hekaluni anamkumbatia bibi yake ambaye ni kuhani. Sura imeisha. Kurasa kumi, na hakuna kilichobaki cha Yomi isipokuwa jina.

Moto na masufuria ni vya Jigoku, jehanamu ya Kibuddha iliyofika Japani kupitia China, na hakimu wake ni Enma, ambaye asili yake ni Yama wa India. Yomi ya Kojiki (kitabu cha kale cha visasili, mwaka 712) ni giza, na giza ndilo linaloendesha kisa. Izanami amekufa kwa kuungua akimzaa Kagutsuchi, mungu wa moto. Mumewe Izanagi anamfuata. Anaambiwa asubiri, asimtazame. Anachoka kusubiri, anavunja jino la pembeni la kitana alichochomeka kwenye nywele upande wa kushoto, analiwasha. Kwa mwanga wa jino moja la kitana anaona funza wamejaa mwilini mwa mkewe, na ngurumo nane zimekaa kichwani, kifuani, tumboni, mpaka miguuni. Sasa wewe ukishawasha mito ya moto kila kona, lile jino la kitana litamulika nini?

Kuhusu chakula, Izanami alitamka mwenyewe: umechelewa kunifuata, nimeshakula cha jiko la Yomi. Ukila cha kule wewe ni wa kule. Sharti hilo lilimfunga mungu mke aliyezaa visiwa vya Japani, halafu binti wa sura ya nne anakula bakuli zima na kurudi bila kulipa chochote! Mwandishi anayejua kazi angemshindisha njaa siku tatu, chakula kinanukia mbele yake, na msomaji angehangaika naye.

Sasa kubwa kuliko yote, na hapa ndipo ninapokasirika hasa: unajisi. Wajapani wanauita kegare. Izanagi alipotoka mbio alirusha taji lake la mitambaazi likawa zabibu, akarusha kitana cha upande wa kulia kikawa machipukizi ya mianzi, mwisho akawatwanga waliomfukuza kwa mapichi matatu. Akaziba njia kwa jabali la kuvutwa na watu elfu. Baada ya yote hayo hakwenda nyumbani. Alikwenda mtoni. Akavua fimbo, mkanda, nguo, bangili, na vitu hivyo vikazaa miungu 12. Akayapima maji: huku juu mkondo mkali mno, huku chini umelegea mno, akazama katikati. Uchafu uliomtoka ukawa miungu wawili wa maafa, kisha wakazaliwa wengine wa kuyanyoosha maafa hayo. Ndipo akaosha jicho la kushoto akatokea Amaterasu, la kulia Tsukuyomi, mungu wa mwezi, pua Susanoo, mungu wa dhoruba. Mungu wa jua kapatikana kwa kuoga! Ukimrudisha mhusika wako toka kuzimu bila kumwogesha, umeng'oa mzizi wa visasili vyote unavyodai kuvifuata.

Na jambo hili lilikuwa sheria ya nchi. Engishiki, kanuni za dola zilizokamilika mwaka 927, zimeweka hesabu: kifo cha mtu, unajisi siku 30, uzazi, siku 7, kifo cha mnyama wa kufugwa, siku 5, mnyama akizaa, siku 3. Tena unaambukiza kwa ngazi. Msiba uko kwa A. B akiingia humo, yeye na watu wote wa nyumbani kwake wamenajisika. C akienda kwa B, ananajisika C peke yake. Lakini B akienda kwa C, nyumba nzima ya C imeingia. D akija kwa C, D yuko salama, mnyororo umekatika. Someni tena mpangilio huo. Binti katoka Yomi, kamkumbatia kuhani, tamasha la hekalu ni kesho. Kuhani hawezi kuhudumu, na nani kamwona akimkumbatia? Adui akijua, ana silaha mkononi bila kuchomoa upanga. Mali yote hiyo imelala pale, ninyi mnaandika mapigano mengine ya kurasa ishirini.

Mengine kwa haraka. Shinigami, mungu wa kifo, hayumo katika Kojiki. Neno hilo linaonekana kwenye fasihi ya zama za Edo (1603–1868), kwa hiyo msimfanye mzee kuliko Amaterasu. Mbweha mweupe ni mjumbe wa Inari, mungu wa mpunga, Inari mwenyewe si mbweha. Na upanga wa Kusanagi, uliotoka mkiani mwa Yamata no Orochi, joka la vichwa vinane, unatunzwa Atsuta, Nagoya, hauonyeshwi watu. Hata mwaka 2019 mfalme mpya alipopokea urithi, iliyoletwa ni nakala yake inayotunzwa ikulu, nayo ikiwa imefunikwa. Mhusika wenu anauning'iniza kiunoni sokoni!

Mchangiaji 1: Mkuu punguza jazba. Hii ni kazi ya kubuni, mwandishi ana uhuru wake.

Mwenye uzi: Uhuru upo, ndugu yangu, na visasili vyenyewe vimeacha nafasi. Mchukue Tsukuyomi. Akishazaliwa, Kojiki inakaa kimya juu yake. Nihon Shoki, kitabu kingine cha kale (720), ina masimulizi kwamba alimuua Ukemochi, mungu wa chakula, kwa kuwa alimwandalia vyakula vilivyotoka kinywani mwake. Amaterasu akachukia, na tangu hapo jua na mwezi haviketi pamoja. Kojiki mauaji yanayofanana na hayo inampa Susanoo, na anayeuawa ni Ōgetsuhime, naye mungu wa chakula. Chagua moja, ulishike mpaka ukurasa wa mwisho. Hapo buni utakavyo. Ninachokataa ni kubomoa kilichopo kwa kutokisoma.

Mchangiaji 2: Ongeza majalada. Msichana kavalishwa kimono, upande wa kulia umelala juu ya wa kushoto. Hivyo huvalishwa maiti! Aliye hai hulaza wa kushoto juu, amri ya mwaka 719. Ndani wanasema ni zama za Heian (794–1185), halafu kuna geisha, ambao ni wa karne ya 18, na viazi vitamu, vilivyofika Japani miaka ya 1600.

Mwenye uzi: Asante dada, la jalada nilikuwa nimelisahau, na linaniuma kwa sababu kulirekebisha ni kazi ya dakika chache kwa mchoraji.

Nyongeza kwa wanaoandika kwa Kiswahili. Ninyi hamna kisingizio cha majina. Irabu za Kijapani ni tano kama zetu, na urefu wa irabu hubadilisha maana kama tunavyotofautisha "kata" na "kataa". Obasan ni shangazi au mama mdogo, obaasan ni bibi. Nimeona riwaya ambamo shujaa anamwita bibi yake shangazi kuanzia sura ya kwanza hadi ya mwisho. Andikeni irabu zote mbili. Na Susanoo ana o mbili mwishoni, msimkate.