Asiye na neno, ana wazo?

Mwalimu Chumbageni: Ndugu zangu wa Tanga, watoto wakiingia sekondari wanahamia Kiingereza, na wapo wanaosema Kiswahili hakina maneno ya kutosha kufikiria sayansi. Rangi tu, zenye kivumishi chake hasa ni tatu: -eusi, -eupe, -ekundu. Nyingine tunaazima: kijani ni jani, manjano ni kiungo cha mchuzi. Je, asiye na neno ana wazo?

Mkaa Raskazone: Rangi zimepimwa. Warusi wana jina la buluu iliyokoza, *siniy*, na jina jingine la iliyopauka, *goluboy*. Katika jaribio lililochapishwa 2007, buluu mbili zenye majina tofauti walizitenganisha haraka kuliko mbili za jina moja. Wasemaji wa Kiingereza hawakuwa na wepesi huo. Ila Warusi walipotakiwa kukariri tarakimu kimoyomoyo huku wakitazama, wepesi ukatoweka. Jicho ni lile lile, neno husaidia wakati linapotumika. Na maneno hutungwa: usanisinuru, yaani jani kujitengenezea chakula kwa mwanga, tunalo.

Binti Ngamiani: Hilo la "tunaazima" limenichoma. Lugha gani maskini yenye kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, majina matano ya tunda moja la mnazi kadiri linavyokua? Tikisa: dafu limejaa, maji hayachezi, nazi ya miezi 12 maji yamepungua, unayasikia. Koroma liko katikati, nyama imeanza kukaza lakini tui lake jepesi, wali haukolei. Asiyejua neno koroma atauziwa kwa bei ya nazi. Na joya, lile tupu lisilo na kitu.

Fundi Mbata: Hapo sikubali, dada. Joya lina kitu tena kitamu! Nazi ikichipua, sponji nyeupe hujaa ndani na kunyonya maji.

Binti Ngamiani: Kaka, wako wanaoita joya nazi isiyo na nyama. Usitufutie Kiswahili chetu.

Fundi Mbata: Sifuti. Neno moja, vitu viwili, na aliyeishika nazi hachanganyi. Chipukizi limetoka jichoni, vunja ule. Nyepesi mkononi na haina chipukizi, tupa.

Mwalimu Chumbageni: Basi mmekubaliana kwamba wazo linaweza kuwapo bila neno lake?

Binti Ngamiani: Mimi sijakubali. Chukua kasimile, tui la kwanza. Ukilitia mapema likachemka sana linakatika, mafuta yanaelea. Chemsha mchuzi kwa tui la pili, kasimile mwisho, koroga bila kuacha, epua likianza kutokota. Asiye na majina mawili atamimina yote pamoja.

Fundi Mbata: Aliyemtazama mpishi hamimini, hata kama jina halijui. Mikono inajua.

Mkaa Raskazone: Na usanisinuru? Hakuna aliyenijibu.

Binti Ngamiani: Nitakujibu, kaka. Kwanza Fundi aniambie: kama mikono inajua bila neno, huyu wa kidato cha kwanza aliyepewa neno la Kiingereza, na jani lenyewe hakuonyeshwa, anajua nini?