Kwa ajili ya sisimizi mmoja

[06:20] Babu: Assalaamu alaykum, wanangu na wajukuu zangu. Baada ya Alfajiri nimeusoma ujumbe ulioandikwa humu jana usiku, usemao kwamba, kwa kuwa jirani mmoja wa dini nyingine ameitukana dini yetu, familia nzima ikate mguu katika nyumba zote za watu wa dini yake. Matusi yale ni dhuluma, wala sitaki mtu yeyote humu ayafanye madogo. Lakini hukumu iliyofuata imeninyima utulivu.

[06:31] Mimi: Waalaykumu salaam, babu. Shikamoo. Ni mimi niliyeandika, na uchungu bado ninao, kwa sababu alinitukana mbele ya wanangu. Nilijiambia kwamba ikiwa mmoja wao anathubutu kuyasema hayo hadharani, basi wenzake huyasema ndani ya nyumba zao.

[06:44] Babu: Marahaba, mjukuu wangu. Pole sana. Iko hadithi ambayo Bukhari na Muslim wameipokea kutoka kwa Abu Huraira, nami nakuomba uisome taratibu. Nabii mmoja katika manabii waliotangulia alipumzika chini ya mti, akaumwa na sisimizi. Akaamuru mizigo yake iondolewe pale, kisha akaamuru kichuguu chote kichomwe moto. Mwenyezi Mungu akamfunulia wahyi wa kumlaumu: kwa nini asiwe sisimizi mmoja tu? Katika mapokezi mengine ameulizwa kama ameuteketeza umma mzima unaomsabihi Mwenyezi Mungu kwa sababu ya mmoja aliyemuuma. Zingatia kwamba maumivu yake hayakukanushwa, maana sisimizi yule alimuuma kweli. Lawama imekuja kwa sababu ya wale ambao hawakumuuma.

[06:52] Shangazi: Neno "umma" katika hadithi hiyo hunisisimua kila ninapolisikia. Ndilo lililomo katika Suratul An'am, aya ya 38, isemayo kwamba hakuna mnyama atembeaye juu ya ardhi, wala ndege arukaye kwa mbawa zake mbili, ila ni umma kama sisi. Ikiwa wadudu wamepewa heshima ya kuitwa umma, na haki yao ya kutochomwa kwa kosa la mwenzao imetetewa kwa wahyi, itakuwaje haki ya wanadamu tunaopakana nao ukuta kwa ukuta? Katika sura hiyohiyo, aya ya 164, tunaambiwa kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Hata mkataba wa Madina, ulioandikwa baada ya Hijra ya mwaka 622, uliwaacha Mayahudi na dini yao na Waislamu na dini yao, ukaweka wazi kwamba mtu hatiwi hatiani kwa kosa la mshirika wake.

[07:05] Dada: Mimi namkumbuka sisimizi mwingine, yule wa Suratun Naml. Alipoliona jeshi la Nabii Sulaiman linakuja, aliwaambia wenzake waingie maskani zao, Sulaiman na majeshi yake wasije wakawaponda bila ya wao kutambua. Wapo wafasiri waliosimama hapo kwenye "bila ya wao kutambua", kwa kuwa kiumbe mdogo aliye katika hatari ya kukanyagwa amemtafutia udhuru yule atakayemkanyaga kabla hajakanyagwa. Nabii Sulaiman alitabasamu kwa maneno yale. Ndugu yangu, sisemi kwamba aliyekutukana hakutambua alichosema. Nasema kwamba majirani wengine hatujawatafutia udhuru hata mmoja, na wao hawajasema kitu.

[07:18] Baba Mdogo: Haya yote ni mazuri, lakini naomba tusiyasome maumbile kwa jicho moja. Simba humla swala, na mwewe hukwapua vifaranga. Kijana akiniambia kwamba maumbile yanatufundisha amani, nami nikimwonyesha simba, atanijibu nini? Tena dini haikutuamuru kunyamaza tunapodhulumiwa.

[07:33] Binamu: Shikamoo, baba mdogo. Kwa kuwa ninafundisha biolojia, swali lako naulizwa kila mwaka, nami huwakubalia wanafunzi kwamba simba yupo. Kisha huwaonyesha ule ukoga wa kijivu unaoganda juu ya mawe na magome ya miti. Mwaka 1867 mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Simon Schwendener, alitangaza kwamba huo si mmea mmoja, ila ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, na wataalamu wengi wa wakati wake walimkatalia kwa ukali. Leo tunajua kwamba alikuwa sahihi. Mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kuvu humpa hifadhi na unyevu, na kwa pamoja hukaa juu ya jiwe tupu ambapo kila mmoja peke yake angepata taabu kuishi. Kuvu habadiliki kuwa mwani, wala mwani hageuki kuvu. Kila nikiliona hilo hukumbuka aya ya 4 ya Suratur Ra'd, inayotaja vipande vya ardhi vinavyopakana, mizabibu, mazao na mitende, vyote vikinyweshwa maji yale yale huku matunda yakitofautiana ladha.

[07:47] Babu: Mwanangu, umeuliza vizuri kuhusu simba. Sisi hatukuamrishwa kuiga kila afanyacho mnyama. Tumeamrishwa kutafakari, na wahyi ndio unaotuonyesha mahali pa kutazama. Qabil alipomuua nduguye hakujua la kufanya na maiti, mpaka Mwenyezi Mungu alipomleta kunguru akafukua ardhi, naye akajuta kwamba ameshindwa kuwa hata kama kunguru yule. Hilo limo katika Suratul Maida, na aya inayofuata ndiyo isemayo kwamba anayeiua nafsi moja bila ya haki ni kama amewaua watu wote. Ndege alimfundisha mwanadamu kuisitiri maiti baada ya damu kumwagika, na hakuna aliyetaka somo hilo lije kwa bei ile. Ama dhuluma, hatunyamazi. Suratul Mumtahina, aya ya 8, haitukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Aliyekosa aambiwe kosa lake, yeye mwenyewe, uso kwa uso.

[08:10] Mimi: Babu, nimesoma yote mara mbili. Mama alipolazwa, aliyekesha na wanangu siku tatu ni jirani wa dini ileile niliyotaka tuikatie mguu, na jana usiku sikumkumbuka hata kidogo. Ujumbe wangu nimeufuta. Kwa yule aliyenitukana bado nina neno la kumwambia, ila naogopa kwenda peke yangu, nisije nikashindwa kuuzuia ulimi wangu.

[08:14] Baba Mdogo: Nisubiri baada ya Alasiri, tutakwenda wawili. Tutabisha hodi mlangoni kwake tu.

[08:16] Shangazi: Na mkirudi, mpitie kwa yule aliyekesha na watoto. Sidhani kama tuliwahi kumshukuru ipasavyo.