Boti ya faiba: fyuzi ya pampu inakatika, kebo ya betri inaunguza

Tezi_na_Omo:
Wakuu, habari za humu. Boti ni ya faiba, futi 23, mashine ya petroli ya nguvu farasi 60 yenye stata. Betri moja ya maji, N70 ya volti 12, iko chini ya benchi la tezi (nyuma ya boti) jirani na tangi la mafuta. Pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayojikusanya chini ndani ya boti), taa za usiku na kifaa cha kutafutia samaki vyote vimefungwa moja kwa moja kwenye betri. Shida ni mbili. Fyuzi ya pampu ya ampea 5 ilikuwa inakatika kila mara. Fundi kaweka ya 20 na imetulia. Halafu ukipiga stata mara mbili tatu mfululizo, kichwa cha kebo nyekundu kinaunguza kidole. Betri imekufa?

FundiVolti:
Mkuu, boti isitoke mpaka hiyo fyuzi ya 20 itoke. Fyuzi ipo kwa ajili ya kulinda waya. Pampu ikikwama inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, lakini bado haifiki 20, kwa hiyo fyuzi inakaa kimya huku waya unachemka. Na hapo pembeni kuna petroli.

Rudisha ya 5, au ile iliyoandikwa kwenye pampu yenyewe, kisha tafuta inayoikata. Fungua kichujio cha pampu uangalie pangaboi: mara nyingi utakuta uzi wa nailoni umejizungusha kwenye ekseli, au magamba ya samaki. Lisafishe, lizungushe kwa kidole. Likizunguka bila kukwama na fyuzi bado inakatika, chomoa pampu kabisa uweke fyuzi mpya. Ikikatika hata pampu ikiwa nje, una shoti: waya umechubuka, au kuna kiungo cha selotepu kinalala ndani ya maji ya ngama.

Kebo inayounguza haimaanishi betri imekufa. Weka multimita (kipima umeme) kwenye volti, ncha moja iguse nguzo ya risasi ya betri, nyingine iguse kichwa cha kebo, mwenzako apige stata. Kiungo kizima kinasoma karibu na sifuri. Kikisoma 0.5 na stata inavuta ampea 150, hapo penyewe panapotea wati 75, zote ni joto. Toa kutu ya kijani, piga brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, kaza kwa spana, ndipo upake grisi juu. Zile nati za masikio za kukaza kwa vidole zitupe; mashine ikitetemeka zinalegea. Weka nati yenye plastiki ndani.

Mkondo12:
Naongezea kwenye ufungaji, maana kila kitu kukutana kwenye nguzo za betri ni fujo. Kila waya chanya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi ndani ya sentimita 18 hivi kutoka kwenye nguzo. Kebo ya stata tu ndiyo huachwa bila. Fyuzi ikikaa kule kwenye usukani, mita tatu zote za nyuma yake hazina ulinzi.

Taa na kifaa cha samaki vipitie swichi kuu. Pampu yenye swichi ya boya (inayojiwasha maji yakipanda) usiipitishe huko: ichukue umeme kabla ya swichi, na fyuzi yake, iweze kufanya kazi boti ikiwa imetia nanga na kila kitu kimezimwa.

Unene wa waya: pampu ya ampea 3.5, mita 5 kwenda na 5 kurudi. Waya wa milimita za mraba 0.75 unapoteza volti 0.8 njiani, wa 2.5 unapoteza 0.24 tu. Nunua 2.5, wa nyuzi nyingi, shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu kwenye chumvi inageuka nyeusi ndani ya plastiki na kwa nje huoni kitu.

Tezi_na_Omo:
Shukrani wakuu. Swichi kuu niliambiwa inaunguza mashine, ndiyo maana haipo. Na betri ikae wapi?

FundiVolti:
Inaunguza ukizima swichi huku mashine inanguruma: umeme wa chaji unakosa pa kwenda, rektifaya (inayogeuza umeme wa mashine uweze kuchaji betri) inakufa. Zima mashine kwanza, swichi baadaye.

Betri iondoe hapo. Ikichajiwa inatoa haidrojeni, inayopanda juu. Mvuke wa petroli unashuka ngamani. Chini ya benchi lililofungwa vyote vinabaki. Ipandishe juu ya usawa wa maji ya ngama, kwenye sanduku la plastiki lenye matundu juu, uifunge kwa mkanda mpaka ukiivuta kwa nguvu isisogee zaidi ya sentimita 2.5. Maji ya bahari yakiingia kwenye betri ya maji huweza kutoa klorini, sumu ya mapafu. Nguzo chanya ivike kofia ya mpira.

Wakati wa kuihamisha, toa kebo hasi kwanza na uirudishe mwisho. Ukianza na chanya, spana ikagusa mashine, ambayo imeungwa na hasi, cheche zake ni kama za kuchomelea.